Nani Mwenye Kiti?

Sehemu ya saba

Msumeno ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya mguu wa kiti pale mlango ulipogongwa.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua mlinisema. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba chai yake ilipoa mezani akijiuliza ni nani aliyegonga. Pole, ndugu. Leo jimiminie nyingine, lakini usiinywe kwa haraka, maana yapo ya kukupalia.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asogee karibu, nieleze kwa kifupi. Karakana hii inatengeneza viti. Mafundi ni ishirini na watano, wanaume kwa wanawake. Tajiri wao walimpa jina la Mzee Simama, kwa sababu miaka ishirini na miwili aliwaendesha kwa sheria moja tu: saa za kazi hakuna kukaa. Watu wanaunda viti asubuhi hadi jioni, na anayekalia kiti ni mmoja, yeye, kwenye kiti chake kikubwa cha mikono kilichowekwa katikati ya karakana.

Miezi mitatu iliyopita biashara ikamchosha. Akawaachia mafundi jengo na mashine kwa majaribio, akaenda zake huku anacheka. Mafundi wakaunda ushirika. Karakana ni yetu sote, kila mtu kura moja, bosi hakuna. Na kweli kazi ikaenda. Viti vilikuwa vinatoka imara kuliko zamani, maana anayegonga msumari alikuwa anagonga wa kwake.

Tatizo lilikuwa Bwana Katiba. Huyu ni fundi wa kupaka vanishi, na ndiye aliyeandika katiba ya ushirika, vifungu sitini na vinne. Anavijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe. Asubuhi hii aliinua kidole chenye vanishi akasema, "Wenzangu, tulimchagua mwenyekiti. Mwenyekiti maana yake nini? Ni mwenye kiti. Sasa ikiwa kila kitu humu ni cha wote, vipi mmoja wetu awe mwenye kiti?"

Watu wakatazamana. Hoja haina pa kuishika. Wakapiga kura, cheo cha mwenyekiti kikafutwa.

Wakaona haitoshi. Wakapiga kura tena, kile kiti cha Mzee Simama kikatwe vipande ishirini na vitano, kila mwanachama aende na chake nyumbani. Kazi ya kukata akapewa Fundi Randa, ambaye dakika kumi kabla ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Akaanza na mguu wa mbele, wa kushoto.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Ni afisa," alinong'ona Katiba, na uso ukamshuka.

Ndiyo, wasomaji wangu, walimsahau mgeni wao. Leo saa sita mchana majaribio yanaisha. Afisa wa ushirika anakuja na daftari lake kuandika jina la mwenyekiti. Pasipo jina hakuna ushirika, na pasipo ushirika jengo na mashine vinarudi kwa Mzee Simama. Wamekifuta cheo siku ile ile kinapotakiwa. Msiniulize mimi, mimi mwandishi tu.

Randa akausukumia msumeno chini ya rundo la mbao, akachuchumaa mbele ya kiti ili goti lake lizibe ule mkato.

Mlango ukafunguka. Hakuwa afisa.

"Hamjambo, wanangu," alisema Mzee Simama.

"Shikamoo, mzee," zikajibu sauti ishirini na tano kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Alivaa suti ya kijivu na viatu visivyojua vumbi la mbao. Akatembea polepole kati ya meza za kazi, akagusa hiki, akanusa kile. Akafika kwenye kiti chake. Akakaa.

Mguu ukalia kidogo. Randa akaudaka kwa mikono miwili, akaushikilia.

"Unafanya nini huko chini?" aliuliza Mzee Simama.

"Nakaza skrubu, mzee."

"Vizuri. Kaza."

Basi mpinduzi wetu akaendelea kukaza skrubu ambayo haikuwepo, jasho likimtoka puani.

Aliyekuwa karibu naye ni Mama Msasa, mama mkwe wake. Huyu ndiye anayelainisha mbao kwa msasa kabla hazijapakwa vanishi, na ameifanya kazi hiyo miaka yote ishirini na miwili, amesimama. Magoti yake sasa yanavimba kufikia saa tisa. Daktari alimwambia akae. Akamjibu daktari, nikae wapi, mimi natengeneza viti.

Akainama kana kwamba anaokota kitu. "Baba," alimnong'oneza mkwewe, "achia huo mguu."

"Siwezi, mama."

"Akianguka, ataanguka yeye."

"Najua, mama. Kichwa kinataka. Mikono ndiyo inakataa."

Mama Msasa akainuka akiwa ameshika kiuno. Angekuwa mwanawe wa kumzaa angempa maneno yake hapo hapo, lakini mkwe ni mkwe. Akameza.

Mzee Simama alitazama saa yake. "Saa tano na nusu. Nimesikia mna kikao. Nimesikia pia, pale nje ya mlango, kwamba hamna mwenyekiti. Nani aliyekiona kikao kisicho na mwenyekiti?"

Na kikao chenyewe, niwaambie siri yao, kilikuwa cha wima. Miezi mitatu ya uhuru, na watu hawa walikuwa bado wanafanya vikao wamesimama. Hoja ya kukaa ililetwa mara tatu, ikaahirishwa mara tatu, kwa kuwa Katiba alisema viti vilivyokamilika ni vya wateja na visivyokamilika havina pa kukalia.

"Mimi sina kinyongo," aliendelea mzee. "Saa sita ikigonga, narudi. Hakuna atakayefukuzwa. Nitahitaji tu msimamizi, kijana mwenye mikono imara." Akamtazama Randa pale chini. "Kama huyu. Unaona anavyojua kukaza?"

Msimamizi. Wasomaji, ninyi mna nyumba na watoto, mnajua cheo kinavyomtekenya mtu tumboni. Randa anakaa chumba na sebule pamoja na mkewe, watoto wawili na mama mkwe, na asubuhi foleni ya bafuni huanza kabla ya jogoo.

Kisha mzee akamgeukia Mama Msasa, kwa sauti ya upole.

"Mama, na wewe magoti hayo. Kiti kikiwa na mguu mbovu, sisi mafundi tunafanya nini? Tunabadilisha mguu. Kesho upumzike nyumbani. Na keshokutwa. Na siku zinazofuata."

Alilisema akitabasamu. Mama Msasa hakutikisika, ila mkono wake uliokuwa na kipande cha msasa ulianza kukisugua kidole chake mwenyewe. Alikuwa na uchungu mpaka masikio yakamlia. Hakuna karakana nyingine itakayompokea mwanamke wa umri wake mwenye magoti hayo. Hapa palikuwa pa mwisho, na hapa palikuwa pake. Hilo alilipigia kura mwenyewe.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Safari hii alikuwa afisa. Mwanamke mfupi, miwani puani, daftari kubwa kwapani. Alisimama kizingitini akatazama mbele yake. Watu ishirini na wanne wamesimama, mmoja kachuchumaa, na mmoja kakaa kwenye kiti cha mikono.

Akaenda moja kwa moja kwa aliyekaa. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba," alijibu Mzee Simama. Hata aibu hakuona.

"Siye huyo," alisema Mama Msasa.

"Basi ni yupi?"

Mtu akakohoa. Katiba akajitokeza akajifuta mikono kwenye aproni, akaeleza yote kuanzia asili ya neno: mwenye, halafu kiti, halafu mwenye kiti, halafu usawa wa binadamu. Alieleza vizuri sana. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, akaweka daftari mezani akalifungua.

"Ndugu yangu, mimi sikatai," alisema. "Ila ukurasa wangu una mstari mmoja, na umeandikwa 'Mwenyekiti'. Niandike nini hapo? Niandike usawa wa binadamu?"

"Ungeweza kuandika majina yetu yote," alipendekeza Katiba.

"Mstari ni mmoja."

Mzee Simama akakohoa kistaarabu. "Mimi naweza kuwasaidia. Hebu, fundi, nisomee kifungu cha tisa."

Katiba akakifahamu kabla hajakisoma, na rangi ikamtoka. Hata hivyo akakisoma, kwani Katiba angeisoma hata hukumu yake mwenyewe mradi imeandikwa. "Kifungu cha tisa. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ndani ya karakana hii ana haki ya kuchaguliwa kuwa mwenyekiti, bila ubaguzi."

"Bila ubaguzi," alirudia Mzee Simama. "Maneno mazuri. Mimi nimewahi kufanya kazi humu. Kazi ngumu. Nilikuwa nawatazama ninyi."

"Lakini tumeshafuta cheo," alisema fundi mmoja wa nyuma.

"Mkikifuta, ushirika hamna," alisema afisa. "Mkitaka niwakute na ushirika, kirudisheni sasa hivi."

Wakakirudisha kwa kura ya mikono, dakika moja na nusu. Hakuna cheo kilichowahi kufa na kufufuka kwa haraka kiasi hicho. Na kwa kuwa mgombea aliyejitokeza alikuwa mmoja, ikabidi kumpigia kura yeye kwanza.

Afisa akavua miwani, akaifuta. "Mikono sihesabu tena. Wiki jana mahali pengine watu thelathini walinipa mikono arobaini na moja. Tufanye hivi. Anayemtaka huyu mzee awe mwenyekiti wake abaki amesimama. Asiyemtaka akae."

Mzee Simama akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. Kukaa mbele yake, ndani ya karakana hii? Alikuwa ameshinda bila kufungua mdomo.

"Nakaa chini?" aliuliza Katiba.

"Sakafuni sihesabu. Sitajua nani amekataa na nani amechoka. Humu si mnatengeneza viti? Kalieni viti. Na kura yangu haifungwi mpaka kalamu iandike. Mpaka hapo anayetaka kubadilika abadilike."

Pembeni mwa ukuta palikuwa na viti kumi na viwili vilivyokamilika, vimepangwa kusubiri mteja. Vingine vyote vilikuwa mifupa mitupu. Hakuna aliyevisogelea. Watu walivitazama kama vile ni mali ya mahakama.

Dakika ikapita. Mzee Simama akaangalia kucha zake.

Halafu zikasikika kandambili. Chap, chap, chap. Mama Msasa alivuka karakana mbele ya wote, akavuta kiti kimoja kutoka ukutani, akapitisha kiganja juu yake kwa mazoea kuona kama kimelainika. Kilikuwa kimelainika. Alikilainisha mwenyewe.

Akakaa.

Nawaambia ukweli, hakuketi kwa madaha. Aliketi kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole, kwanza ubavu mmoja, kisha wa pili. Alipouegemeza mgongo, machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Vipi?" aliuliza fundi mwenzake, mshona matakia.

"Ni kizuri," alisema Mama Msasa. "Kumbe tunatengeneza viti vizuri."

Mshona matakia akafuata, akakaa. Katiba akafuata, baada ya kuuliza kama vanishi ya kiti chake imekauka. Mmoja mmoja, wakafika kumi na wawili, viti vikaisha.

Afisa akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Waliokaa, kumi na wawili. Waliosimama, kumi na wawili. Wewe wa chini hapo, unamtaka au humtaki?"

Macho yote yakamshukia Fundi Randa, aliyekuwa bado ameukumbatia mguu wa kiti.

"Kuchuchumaa si kukaa wala si kusimama," alitangaza Katiba kutoka kitini. "Kifungu hakisemi."

"Msimamizi wangu," alisema Mzee Simama bila kumtazama, "simama."

Randa aliinua uso. Mbele yake alimwona mama mkwe wake, mikono juu ya magoti yaliyovimba, ameketi. Katika miaka minane ya kuishi na binti wa mama huyu, hakuwahi kumwona amekaa mchana. Nyumbani anafika, anasimama jikoni. Kazini anafika, anasimama mezani. Akamkumbuka mkewe jana akisema, mama akitolewa kazini, mimi na wewe tutatazamanaje?

"Mama," alisema. "Na mimi nakaa. Lakini nikae wapi?"

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo malezi mema yalipotaka kuiangamiza karakana.

"Kaa hapa, baba," alisema Mama Msasa. Na akainuka kumpisha.

Hakufikiri. Mwili ulifikiri kwa niaba yake. Mkwe kaomba pa kukaa, mama akampa pake, kama alivyofanya sebuleni jioni zote za miaka minane.

"Kumi na watatu wamesimama," alisema afisa.

Mzee Simama alipiga makofi mara moja. "Wengi wape. Lete kalamu, mama, niweke sahihi kabla ya saa sita." Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaiendea meza akiwa ameshautanguliza mkono wa kulia.

Akainuka, nimesema. Uzito ukaondoka kwenye mguu. Mikono ya Randa, ambayo ilikataa amri ya kichwa tangu saa tano na nusu, ikaachia yenyewe. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akatua kwenye kiti cha mkwewe.

"Kumi na wawili wamekaa," alisema afisa, kalamu ikielekea kwenye mstari. "Kumi na watatu wamesimama. Mama, wewe si ulikuwa umekaa? Nakuhesabu wapi?"

Mama Msasa aligeuka huku na huku. Viti kumi na viwili vimejaa. Katiba alianza kuinuka ampishe. "Usithubutu," Mama Msasa alimwambia, "tutazunguka hivi hivi mpaka jioni."

Sakafu haihesabiwi. Mifupa ya viti haikaliki.

Karakana nzima ilikuwa na kiti kimoja kitupu.

Kilikuwa katikati, cha mikono, cha mbao nzito, kimesuguliwa na suruali ya mtu mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umekatwa zaidi ya nusu. Mama Msasa alijua. Alikuwepo, alipiga kura ukatwe. Sasa hakukuwa na mikono ya kuushika.

Akaenda, akashika mikono ya kiti, akakaa.

"Kumi na watatu wamekaa," alisema afisa taratibu. "Kumi na wawili wamesimama. Mzee, umekataliwa. Rudi nyuma kidogo, unaniziba mwanga."

Mzee Simama alibaki na mkono wake hewani. Kwa mara ya kwanza katika karakana hiyo alikuwa amesimama mbele ya fundi aliyekaa, na hakujua mikono huwekwa wapi.

"Nipeni jina basi," alisema afisa. "Zimebaki dakika tatu."

Katiba alimtazama Mama Msasa. Alitazama alichokalia. Midomo ikamcheza, na kwa mara ya kwanza tangu aandike vifungu sitini na vinne, neno lilimwingia hadi moyoni.

"Mwenye kiti ni huyo hapo," alisema.

"Ni huyo," wakasema waliokaa. Hata waliosimama, wanne au watano, wakasema ni huyo. Watu hupenda kuonekana walikuwepo.

"Haya. Jina kamili, mama?"

Mama Msasa alifungua mdomo kujibu. Chini yake, pale kwenye mkato, mbao ililia sauti nyembamba. Kiti kikainama unywele mmoja upande wa kushoto. Randa, aliyekaa mbali asiweze kufika na asiyeweza kuinuka bila kupoteza kura, alifumba macho.

Mama Msasa akakaza magoti. Yale yale mabovu, yaliyovimba, yaliyoambiwa yapumzike keshokutwa na siku zinazofuata. Akausimamisha mwili wake kwa ndani, nusu shibri, huku sketi ikificha na uso ukitulia kama wa mtu aliyestarehe. Miaka ishirini na miwili alisimama akitamani kukaa. Leo amekaa, na bado amesimama.

Akataja jina lake. Afisa aliweka kalamu kwenye mstari, akaanza kuchora herufi ya kwanza kwa mwandiko wa watu wa ofisi, wa polepole, wenye mikia na vitanzi.

Mguu ukalia tena. Safari hii Mzee Simama alisikia. Akainamisha kichwa, akatazama chini ya kiti, akaliona vumbi jipya la mbao sakafuni. Akatabasamu, akavuta hatua moja mbele.

"Mama," alisema kwa upole wote, "hebu jinyanyue kidogo, nikukazie skrubu."

Mama Msasa hakumtazama. Alimtazama afisa, ambaye alikuwa bado kwenye herufi ya pili.

"Andika haraka, mwanangu," alisema. "Magoti yangu ndiyo mguu wa nne."